Alipigwa akisubiri upepo ujae: barua ya wazi kwa uongozi wa yadi na kampuni ya ulinzi

Kwa Mkurugenzi wa kampuni inayomiliki yadi na maghala tunakoshusha mizigo,
Kwa Meneja wa kampuni ya ulinzi iliyokabidhiwa lango la yadi hiyo,

Waheshimiwa,

YAH: MATUMIZI YA NGUVU DHIDI YA DEREVA KWA SABABU YA MAEGESHO

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni dereva wa semi, huu ni mwaka wangu wa 19 kazini, na lango lenu nimeliingia mara nyingi mno. Barua hii si ya kwanza kuwaandikia. Ya kwanza niliikabidhi kwa mkono siku mbili baada ya tukio, ikagongwa muhuri mbele yangu. Ya pili niliituma kwa barua pepe, nikajibiwa mstari mmoja kwamba suala limepokelewa na linashughulikiwa. Ya tatu haikujibiwa. Nilipokuja mwenyewe ofisini nilikaa kwenye benchi saa tatu nzima, kisha nikaambiwa mhusika yuko kikaoni na siku hiyo hatatoka. Sasa ni wiki ya saba. Mwenzetu hawezi kuinua mkono wa kushoto kupita bega, na dereva asiyeweza kuinua mkono hapandi kichwa cha semi. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu wote.

Sitaji jina la kampuni zenu, wala la mlinzi, wala la mwenzetu. Mnajijua, na majina yote mnayo kwenye barua nilizowaletea. Shida yangu ni kupata jibu.

Usiku ule nilikuwa gari la pili nyuma yake. Ninachoeleza nimekiona kwa macho yangu. Mwenzetu alifika langoni saa 12 jioni, kama karatasi yake ya miadi ilivyosema. Akaambiwa ghala limejaa, asubiri kuitwa. Maegesho ya ndani yalikuwa yamejaa hadi kwenye kona ya mizani. Nje hapakuwa na pa kusimama, kwa sababu ukingo wa barabara ni mwembamba na una mtaro. Basi akajisogeza kando ya ukuta, na kichwa cha gari kikaingia kwenye mistari ya njano ya njia ya zimamoto, mita mbili hivi. Mlinzi wa zamu ya jioni alimwona akiegesha pale. Alimwambia, "Kaka, ukiitwa tu utoke." Mwenzetu akazima injini, akavuta pazia, akalala.

Saa nane usiku zamu ilikuwa imeshabadilika. Mlinzi mwingine alikuja akagonga mlango kwa kirungu. Mlio huo ndio ulioniamsha mimi pia. Kirungu kwenye bati la mlango kina mlio wake, hakifanani na mkono wa mtu. Mwenzetu akashusha kioo, akaambiwa atoe gari mara moja. Akawasha injini. Gari halikutoka.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kesi yote iko hapa. Magari yetu yanafunga kwa upepo. Handibreki ya semi inashikwa na springi zenye nguvu, na kinachozisukuma springi hizo ili magurudumu yaachie ni upepo uliobanwa kwenye matangi. Tela likiwa na mpira unaovuja kidogo au valvu iliyochoka, ukilala saa chache mshale wa geji unashuka. Ukiwasha, lazima kompresa ijaze upya. Mfumo uliojaa huwa na baa 8 hivi. Upepo ukishuka hadi karibu nusu ya hapo, buza inalia na taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi. Kujaza huchukua dakika kadhaa, na gari kuukuu huchukua zaidi. Kabla ya hapo, hata umtishe dereva vipi, gari halitembei. Ukililazimisha, utaburuza magurudumu yaliyofungwa.

Buza ilikuwa inalia. Niliisikia kutoka kwangu. Mwenzetu alionyesha dashibodi kwa kidole akasema, "Subiri upepo ujae." Alisema mara mbili. Mlinzi, naamini, alichokiona ni injini inayonguruma na mtu asiyetoka. Akasema, "Unanichezea?" Mwenzetu akamjibu kwa tusi. Sitalificha, kwa sababu wengi wamelisikia: lilikuwa tusi baya, la mzazi. Mlinzi akapanda ngazi, akafungua mlango, akampulizia dawa ya pilipili usoni, akamshika mguu akamvuta. Kutoka sakafu ya kebini hadi chini ni zaidi ya mita moja. Aliangukia bega. Akiwa chini, viganja vyote viwili vimeziba macho, alipigwa kirungu mara mbili, mara ya kwanza mkononi, mara ya pili nyuma ya sikio. Ndipo tuliokuwa nyuma tukafika.

Injini yake ilikuwa bado inawaka. Tukiwa tunamwinua, upepo ulijaa. Nilisikia ule mlio mfupi, pshii, wa hewa ya ziada inapotemwa, mlio ambao kila dereva wa semi anaujua kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Tangu mlango ulipogongwa hadi hapo, sidhani kama zilipita dakika sita.

Tangu usiku ule, kila foleni ninayosimama madereva wanabishana juu ya jambo hili. Mzee mmoja tunayemheshimu sana anasema mwenzetu alijitakia: aliegesha pabaya, na ukimtukania mzazi mtu mwenye kirungu saa nane usiku, usitegemee akupe mkono wa heri. Vijana wanamjibu kwamba safari ijayo watalala na spana ya magurudumu pembeni ya mto. Dada mmoja anayeendesha lori la mafuta alisema neno lililonyamazisha foleni nzima: "Mtu akinifungulia mlango usiku nimelala, nitajuaje kama ni mlinzi? Koti na tochi hata mwizi anavyo." Na yuko dereva aliyewahi kuwa mlinzi kabla ya kupata leseni. Yeye alisema kirungu walimpa siku ya kwanza, mafunzo wakamwahidi mwezi ujao, na mwezi huo haukufika hadi anaacha kazi.

Nimewasikiliza wote, na kila mmoja nimemwona ana chembe ya ukweli. Lakini maneno ya wale vijana yananinyima usingizi. Mtu akilala na spana kwa sababu ya lango lenu, siku moja ataitumia, na atakayeumia atakuwa mlinzi wa watu, baba wa watoto. Dereva na mlinzi wote wawili usiku ule walikuwa wanatekeleza walichoambiwa na watu ambao hawakuwepo pale. Watu hao ni ninyi, na hoja zangu kwenu ni hizi.

1. Nguvu iliyotumika haikulingana na kosa.

Sikatai kwamba kulikuwa na kosa. Njia ya zimamoto haifungwi, na mwenzetu mwenyewe anakubali. Lakini kosa la kuegesha lina dawa zake zinazojulikana: kuonywa, kuandikiwa faini, gurudumu kufungwa mnyororo, gari kuvutwa, mwajiri kupigiwa simu, na mwisho kabisa polisi kuitwa. Hakuna hata moja iliyojaribiwa.

Katika nchi nyingi mlinzi wa kampuni binafsi hana mamlaka ya polisi. Ana haki zile zile za raia yeyote, pamoja na ruhusa ya mwenye eneo ya kumtaka mtu aondoke. Kanuni za maadili za kimataifa za kampuni binafsi za ulinzi, zilizotiwa saini Geneva mwezi Novemba 2010, zinawataka walinzi wachukue kila hatua ya busara kuepuka nguvu, na ikibidi kuitumia isizidi kile kinacholazimu kabisa na ilingane na tishio lililopo. Polisi nao, wenye kiapo na sare ya serikali, wana miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1990 iliyopitishwa Havana, inayosema njia zisizo za nguvu zitangulie. Itakuwaje mlinzi wa lango la ghala awe huru kupiga kuliko askari?

Nauliza basi: tishio lilikuwa lipi? Mtu alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono inaonekana, anaonyesha geji. Tusi linauma, najua, na mimi ningeumia. Linaweza hata kumpeleka mtu kituoni. Lakini tusi halimvunji mtu mfupa. Na vile virungu viwili vilipigwa wakati tusi limeshakwisha, mtu yuko chini, haoni. Mtu yeyote aliyefundishwa kutumia kirungu huambiwa mapema kwamba kichwa, shingo, uti wa mgongo na figo hazipigwi, kwa sababu hapo unaweza kuua bila kukusudia. Nyuma ya sikio ni kichwa.

2. Dawa ya pilipili ilipulizwa kwa mtu aliyeshika usukani, injini inawaka.

Mwenye kebini ndogo kama zetu anajua kwamba ile dawa haikai usoni tu. Inabaki kwenye pazia, kwenye godoro, kwenye tundu za kiyoyozi. Macho yanafunga yenyewe, kifua kinabana, na mtu anaweza kukaa nusu saa au zaidi kabla hajaona sawasawa. Sasa fikirini gari lenye mzigo, uzito wake unakaribia tani 40, dereva amepofushwa, mguu wake uko karibu na pedali, na jirani na gari lake kuna watu wawili waliokuwa wameshuka kuangalia kuna nini. Mmoja wao ni mimi. Kilichotuokoa ni kwamba upepo ulikuwa haujajaa. Ungekuwa umejaa, kwa namna alivyovutwa, sijui kama ningekuwa hai kuandika barua hii.

3. Mtu aliyepigwa kichwani alipewa karatasi badala ya daktari.

Walimkalisha kwenye kibanda cha walinzi hadi saa 11 alfajiri. Alitapika mara moja. Aliomba maji ya kunawa macho, akapewa chupa moja. Kisha akaletewa maelezo yaliyokwisha kuandikwa, kwamba alikaidi amri na kumshambulia mlinzi, akaambiwa akisaini ataruhusiwa kuondoka. Alisaini. Macho yake yalikuwa bado mekundu na sina hakika kama aliweza kuyasoma. Ile miongozo ya 1990 inasema mtu akiumizwa, apate huduma ya tiba mapema iwezekanavyo na ndugu zake wajulishwe. Mkewe alijulishwa na mimi, kwa simu yangu, jua likiwa limeshachomoza.

4. Madereva mnawanyima pa kulala, kisha mnawaadhibu kwa kulala.

Hili naomba nilieleze kwa urefu, maana ndilo mzizi.

Dereva hasimami anapotaka. Anasimama pale mwili na sheria vinapomwambia basi. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila mapumziko, asizidishe saa 9 za kuendesha kwa siku, na apate saa 10 za kupumzika mfululizo katika kila saa 24. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2006 inataka dakika 45 za mapumziko baada ya saa 4 na nusu za usukani. Marekani kikomo ni saa 11 za kuendesha, na tangu Desemba 2017 magari mengi huko lazima yawe na kifaa cha kielektroniki kinachohesabu saa chenyewe, hakidanganyiki kirahisi. Sheria zinatofautiana kutoka nchi hadi nchi, na kuna nchi ambako zipo kwenye karatasi tu. Lakini usingizi hautofautiani. Mtu aliyekesha anaendesha kama mlevi, na hakuna dereva aliyekaa muda mrefu kazini ambaye hajamzika mwenzake kwa sababu hiyo. Mimi nimewazika wawili.

Sasa nyinyi mnatoa miadi ya saa 12 jioni. Dereva anafika kwa wakati. Mnamwambia asubiri, na kusubiri kwenyewe ni hadi asubuhi. Yadi yenu ina nafasi za magari kumi na nne, nimezihesabu, na kwa jioni moja mnaita magari thelathini. Hayo mengine kumi na sita mlitaka yaende wapi? Zamu moja inasema "jisogeze hapo kaka", zamu nyingine inakuja na kirungu. Dereva anakuwa mkosaji akikaa, na akiondoka anapoteza foleni, mwajiri anamkata, na anaingia barabarani na usingizi machoni.

Na kuondoka huko kunaweza kuwa na gharama kubwa kuliko mnavyodhani. Mwezi Machi 2009, dereva wa Marekani aitwaye Jason Rivenburg alikuwa amebeba maziwa kuyapeleka South Carolina. Alikaribia mwisho wa safari mapema kuliko miadi yake, na mahali pa kushusha hapakuwa na ruhusa ya kuegesha na kusubiri. Akaenda kulala kwenye kituo cha mafuta kilichoachwa. Akapigwa risasi akiwa ndani ya kebini, akaibiwa dola 7. Mkewe alikuwa mjamzito wa mapacha. Mjane huyo hakunyamaza, na mwaka 2012 sheria inayobeba jina la mumewe, inayohusu maegesho salama ya malori, ilitiwa saini. Nimeisimulia habari hiyo kwenye foleni nyingi, na sijawahi kukutana na dereva aliyeishangaa. Kila mmoja ana kituo chake cha mafuta kilichoachwa alichowahi kulala.

5. Mlinzi naye mlimtupa.

Nilizungumza na mlinzi huyo wiki mbili baadaye. Nilimtafuta mwenyewe, na nilienda nikiwa na hasira. Nilimkuta kwenye lango jingine mlikomhamishia, bado ana kirungu kile kile. Aliniambia usiku ule alikuwa kwenye zamu ya pili mfululizo kwa sababu mwenzake hakuja. Aliniambia hajawahi kuelezwa jinsi breki za lori zinavyofanya kazi. Yeye gari analolijua ni dogo, ukiwasha linatoka. Na aliniambia neno ambalo ninyi mnapaswa kulijibu: kwamba msimamizi alishawatangazia kuwa gari lolote litakalokutwa kwenye njano wakati wa ukaguzi wa alfajiri, mlinzi wa zamu anakatwa mshahara.

Alipomaliza kuongea alikuwa anaangalia chini. Akaniuliza, "Yule bwana anaendeleaje?" Sikuwa na la kumjibu ila ukweli, kwamba mkono hauinuki. Sisemi asiwajibike. Alimpiga mtu aliyelala chini, na hilo ni lake, atalijibu mbele ya sheria. Lakini mtu amekesha, hana mafunzo, ana kirungu na dawa, na mshahara wake umetundikwa kwenye mistari ya njano. Hapo mnategemea nini kitokee saa nane usiku?

Najua majibu mtakayotoa, mengine nimeshayasikia dirishani.

Mtasema njia ya zimamoto ni suala la uhai. Ni kweli, na nakubaliana nanyi kuliko mnavyofikiri, kwa sababu sisi ndio tunaolala ndani ya magari yenye mafuta ya dizeli jirani na ghala la karatasi na plastiki. Ila njia hiyo ilihitaji kuwa wazi tangu saa 12 jioni, si kuanzia saa nane usiku. Mlinzi wenu wa kwanza aliiona imezibwa akaruhusu. Na kama dharura ilikuwa kubwa kiasi hicho, dakika tano za kujaza upepo zilikuwa fupi kuliko dakika zilizotumika kumpiga mtu, kumkokota kibandani na kutafuta dereva mwingine wa kuliondoa gari. Gari lile lilitoka pale saa tisa na nusu. Mimi ndiye niliyelitoa.

Mtasema walinzi si waajiriwa wenu, ni wa kampuni nyingine. Kampuni ya ulinzi nayo itasema inafuata maelekezo ya mwenye yadi. Nimeshazungushwa hivyo mara mbili, dirisha hadi dirisha. Lango ni la mwenye yadi, na amri ya kukata mshahara imetoka kwa msimamizi wa walinzi. Kila mmoja ana sehemu yake na hakuna aliyeachwa nje. Ndiyo maana nimewaandikia wote kwenye barua moja.

Mtasema dereva alisaini maelezo kwamba yeye ndiye aliyeshambulia. Nimeshaeleza alisaini lini na katika hali gani. Leteni picha za kamera. Iko kamera juu ya nguzo ya lango, inatazama ukuta ule ule, na taa yake nyekundu huwa inawaka kila usiku. Niliomba picha hizo kwenye barua ya kwanza, siku mbili baada ya tukio, ili msije kusema zimefutika. Kama zimefutika, zilifutwa mkiwa na ombi langu mkononi.

Na mtasema dereva angeweza kusogea mahali pengine, kwamba sheria za saa za kazi haziwezi kuwa kisingizio cha kuziba njia. Hoja hiyo ina uzito. Hata Ulaya, kifungu cha 12 cha kanuni ile ya mwaka 2006 kinamruhusu dereva kupitiliza saa zake kidogo ili afike mahali panapofaa kusimama, mradi asihatarishe usalama barabarani. Angeambiwa kistaarabu, "Mzee, kituo kiko kilomita tano mbele, nenda, nafasi yako kwenye foleni tutaitunza," angeenda. Namjua. Hakuambiwa hivyo. Aliambiwa "toa gari", na hakuelekezwa kokote.

Kwa hiyo, waheshimiwa, naomba yafuatayo, na naomba yajibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14:

(a) Picha za kamera za usiku ule, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 11 alfajiri, zikabidhiwe kwa mwenzetu au mwakilishi wake, na kwa polisi alikofungua malalamiko.

(b) Maelezo aliyosainishwa kibandani yafutwe, na achukuliwe maelezo mapya akiwa na akili timamu na mtu wake pembeni.

(c) Gharama za matibabu ya bega na uchunguzi wa kichwa zilipwe, pamoja na mshahara wa wiki alizokaa bila kazi. Risiti zote ninazo.

(d) Kanuni ya kumkata mlinzi mshahara kwa gari lililoegeshwa vibaya iondolewe leo. Hii haihitaji kikao.

(e) Dawa ya pilipili na virungu visitumike katika masuala ya maegesho. Ziandikwe hatua za kufuata, moja baada ya nyingine, na zibandikwe kwenye kibanda na kwenye lango kwa lugha ambayo dereva na mlinzi wote wanaisoma. Ndani yake mlango wa kebini usifunguliwe kutoka nje mtu akiwa amelala, ila kuokoa maisha.

(f) Walinzi wote wa lango wafundishwe mambo mawili: namna ya kutuliza ugomvi kwa maneno, na namna lori linavyofanya kazi. La pili nitalifundisha mimi, bure, siku yoyote mtakayopanga. Nitaleta gari langu, nitamwaga upepo mbele yao, na nitawakalisha kwenye kiti mmoja mmoja waone mshale unavyopanda.

(g) Miadi iendane na nafasi. Kama kuna nafasi kumi na nne, yaitwe magari kumi na nne. Yakizidi, muwe na mahali mbadala panapojulikana, penye mwanga na choo, na namba ya foleni ibaki ya dereva hata akiwa hayupo langoni.

Mkihitaji mashahidi, tuko wanne, na wote tumekubali kusimama. Mkitaka kikao, nitakuja, na nitamwomba yule mzee aje pia, ingawa hakubaliani nami, kwa sababu naye ana haki ya kusikilizwa.

Wiki ijayo, siku ya Alhamisi, nina mzigo wa kushusha kwenu. Miadi ni saa 12 jioni. Nitafika kwa wakati kama ninavyofika siku zote, na tela ninalovuta sasa hivi nalo linavuja upepo kidogo. Fundi ameahidi kulitazama ila hajafanya hivyo bado. Naomba kabla ya siku hiyo mtu mmoja kati yenu anipigie simu aniambie gari nitaliweka wapi, na aliyeko zamu ya usiku awe ameambiwa.

Wenu,
Dereva wa semi, shahidi wa kwanza
(Jina, namba ya gari na namba ya simu viko kwenye barua tatu zilizotangulia)

Nakala: chama chetu cha madereva, mwajiri wa mwenzetu, mamlaka inayotoa leseni kwa kampuni za ulinzi.